Mwalimu Aliyepima Macho ya Nakivale

Katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, walimwita Mwalimu, na mpaka leo sijakutana na mtu aliyewahi kumwona mbele ya ubao. Alichokitaka maishani kilikuwa kitu kimoja, na alikitaja bila haya mbele ya yeyote aliyekubali kusimama: kuajiriwa kama fundi wa VR, yaani mtu anayejenga zile dunia unazoziona ukivaa miwani mikubwa ya kompyuta, ukigeuza kichwa nazo zinageuka nawe. Alikuwa anakaribia miaka sitini, hana meno mawili ya mbele, na nyumba yake ya udongo haikuwa na hata balbu. Watu walimcheka. Mimi nilimcheka kuliko wote, na ni mimi niliyekuja kuipata kazi hiyo mahali pake, kwa hiyo haya yachukueni kama maungamo ya mtu aliyeshindwa kumwambia padri.

Nilikuwa na kibanda cha kuchaji simu pale Kashojwa, kijiji kimoja cha kambi hiyo: paneli mbili za jua juu ya bati, betri mbili za gari, na nyaya ambazo hata mimi mwenyewe nilizigusa huku nikimtaja Mungu. Siku moja Mwalimu akaja amebeba kompyuta ndani ya mfuko wa unga wa msaada. Ilikuwa kompyuta ya michezo, imeshapita mikononi mwa watu wengi, na ikiwaka ilinguruma kama mashine ya kusaga mahindi. Ilichemka upesi sana. Dawa aliyoigundua ilikuwa kuiweka juu ya wavu wa kukaushia samaki ili hewa ipite chini, na wavu wenyewe aliuazima kwa wachuuzi wa ziwani bila kuuosha. Kila tulipofanya kazi kibanda kilinuka samaki, na wateja wangu walidhani nimebadilisha biashara.

Nasema tulifanya kazi kwa sababu vidole vyake vilitetemeka. Hakuweza kushika mausi ikatulia. Basi yeye alisema na mimi nikabonyeza, na kwa njia hiyo nikajifunza ufundi ambao sikuuomba, kama mtoto anayejifunza kupika kwa kushikishwa mwiko. Nikikosea hakugomba. Aliniangalia tu mpaka nijione mjinga mwenyewe.

Watu wengi wanamkumbuka kwa ile rula. Vioo viwili vya miwani hiyo lazima vikae sawa na macho ya mvaaji, kwani mboni za watu hazikuachana kwa kipimo kimoja, na vikikosea utaona dunia mbili na kichwa kitauma. Hilo ni kweli, wataalamu wote watakwambia. Lakini wataalamu hawapimi kijiji kizima. Mwalimu alitembea na rula ya shule mfukoni, akamsimamisha mtu njiani, akamwambia aangalie mlima, akapima milimita kutoka mboni hii hadi ile, akaandika kwenye daftari. Baada ya miezi michache alikuwa amesahau majina ya watu wote na kubaki na hesabu zao. Mimi nilikuwa Sitini na Moja. Padri alikuwa Sitini na Sita.

"Sitini na Sita," alimwambia siku moja mlangoni mwa kanisa, "mahubiri yako ya leo yamenigusa kabisa."

"Asante, Mwalimu," padri akajibu kwa unyenyekevu. "Na wewe ni ngapi?"

Hapo Mwalimu akamkabidhi rula ampime, kwa sababu hakujua. Kila aliyempima alipata jibu lake. Mwenyewe alisema ni kasoro ya rula, lakini rula ilikuwa ileile. Nadhani hakuweza kuangalia kitu kimoja kwa muda wa kutosha.

Katika kuchagua vifaa alikuwa na sheria zake, na nikiri kwamba nyingi ninazifuata hadi leo. Tulikwenda mjini Mbarara kutafuta miwani, ambayo yeye, Mrundi aliyelelewa na Kifaransa, aliiita kaske. Kwenye duka la vitu vilivyotumika kijana muuzaji alituletea moja inayong'aa.

"Mzee, hii ndiyo tamu. Ona mataa!"

"Mataa naona," Mwalimu akasema. "Mzani uko wapi?"

"Mzani ya nini, ssebo?"

"Ya maharage."

Kijana alidhani anataniwa, lakini Mwalimu hakuwa akitania, kwa hiyo mzani ukaletwa kutoka duka la nafaka la jirani. Akaweka kaske upande mmoja na jiwe la nusu kilo upande wa pili. Kaske ikazama. Akaisukuma kwa kidole kama chakula kibovu, akasema itavunja shingo za watu wake. Nikamkumbusha kwamba watu wake hubeba dumu la lita ishirini kichwani tangu bombani, tena wanapiga soga.

"Dumu linakaa utosini," akasema. "Hii inaning'inia puani. Wewe umeona nani anabeba dumu na pua?"

Muuzaji alicheka mpaka akakaa chini. Tuliondoka na nyingine, nyepesi, kioo cha kushoto kikiwa na mkwaruzo. Ilikuwa ya aina iwezayo yote mawili: kwenda peke yake bila waya, na kufungwa kwenye kompyuta pakiwa na kazi nzito. Mkimbizi, alisema, hajui kesho ataamka na umeme au bila. Na kuhusu kompyuta yenyewe alikuwa na fundisho alilowapa hata waliokuja kuchaji tochi: kumbukumbu utaongeza baadaye, lakini kadi ya picha, ile inayochora unachokiona, kwenye kompyuta ya kubeba ni ndoa ya Kikatoliki, ukishaingia umeingia. Kwa hiyo chagua kadi kwanza, na uzuri wa sura usikudanganye.

Safari nyingine tulikuwa tunasubiri gari karibu na kambi ya jeshi ya Makenke, naye ameivaa kaske barabarani, anageuka polepole, mikono mbele. Mwanajeshi mmoja aliyekuwa anarudi nyumbani na mfuko wa nyanya akasimama.

"Wewe mzee, wewe naangalia nini ndani ya hiyo kitu?"

"Naangalia kilima, afande."

"Kilima ya nani?"

"Ya kwetu."

"Leta na mimi naona."

Akanipa nyanya nishike, akaivaa, akajiweka sawa kama yuko gwaride. Aligeuka kushoto, akageuka kulia, akachutama.

"Mlima naona. Ndizi naona. Adui iko wapi?"

"Hakuna adui, afande."

Akaivua, akatuangalia kwa huruma. "Basi hii ni mchezo ya namna gani?" Mwalimu alikuwa ameshatoa rula, akapata sabini na mbili, macho yaliyoachana kuliko yote kwenye daftari lake, akashinda wiki nzima na furaha.

Kilima kile alichokiona afande ndicho kilichokuwa kazi yetu. Mwalimu alikuwa anajenga kilima cha kwao Burundi, nyumba kwa nyumba, mgomba kwa mgomba, kwa kumbukumbu yake na ya majirani zake wa zamani, ambao wengi walikuwa pale pale Kashojwa. Hiyo ndiyo ingekuwa kazi ya kuwaonyesha waajiri. Alijua kabisa namna mtu anavyojijengea njia katika ufundi huu, na aliwahubiria wote: usiseme unajua, onyesha, na unachokionyesha kiwe kidogo kilichokwisha, kwa maana kibanda kilichoezekwa kinashinda ghorofa isiyo na paa. Wengine walimsikiliza. Yeye mwenyewe hakujisikiliza hata kidogo. Tukimaliza njia, anakumbuka mbuzi. Tukiweka mbuzi, anakumbuka kengele ya mbuzi. Nilimwambia mara nyingi kwamba mtu akifungua mlango wa kazi hatasubiri mbuzi. Alisema mbuzi alikuwepo.

Watu walipoanza kupanga foleni kukiona, tukakutana na tatizo la kichefuchefu. Asiyezoea akikaa humo muda mrefu tumbo hupinduka. Mwalimu akaweka kipimo ambacho kila Mkatoliki angekielewa: fungu moja la rozari, Baba Yetu, Salamu Maria kumi, na Atukuzwe, kisha unavua. Mvaaji alisali mwenyewe kwa sauti. Bibi mmoja, Hamsini na Nane, alikwenda nayo taratibu kama mtu anayepanda mlima na gunia, na alipofika ya kumi akaanza Litania ya Watakatifu wote. Foleni ikalipuka. Ikabidi sheria ibadilike, asali yule anayefuata, na hapo ndipo ungesikia Salamu Maria inavyoweza kukimbia. Mama mmoja wa Kongo aliyekuwa nyuma kabisa alilalamika kwa lugha yake: "Mwalimu, na siye bantu ya Kongo utatujengea fasi yetu siku gani? Tumengojea mingi!"

Sasa nifike kwenye minyaa. Minyaa, kwa asiyeijua, ni ule mmea wa kuzungushia ua, usio na majani, vidole vitupu, maelfu ya vidole vya kijani juu ya vidole. Kwa kompyuta ni balaa, kwani kila kidole inabidi ikichore. Miwani inataka picha zaidi ya sabini kila sekunde ili tumbo litulie, na ua mmoja wa minyaa ulikuwa unazila zote. Nikaufuta. Mwalimu aliona, akaniacha, na kilima kikaanza kwenda laini kama siagi. Ua huo ulikuwa unatenganisha mashamba ya familia mbili.

Mzee wa familia ya kwanza akaivaa, akatembea hatua nne, akapiga ukelele: "Minyaa yangu iko wapi?" Mzee wa familia ya pili akaivaa baada yake, akasema yeye haoni tatizo lolote, tena mambo yamekuwa mazuri. Familia hizi zilikuwa zinaishi ukuta kwa ukuta hapo Nakivale, zinaombana chumvi na moto miaka yote. Kuanzia siku hiyo hawakusalimiana, kwa ajili ya shamba ambalo hakuna kati yao aliyelikanyaga kwa miaka mingi.

Ikaitwa kesi. Walikuja watatu katika wale wazee ambao Warundi huwaita bashingantahe, waamuzi wanaosikiliza mambo ya mipaka kabla mtu hajaota mahakama. Kwao kesi ya shamba husikilizwa shambani, kwa hiyo wakataka waingie wote watatu. Kaske ilikuwa moja. Wakaivaa kwa zamu, mmoja ndani, wawili wamemshika koti asije akaangukia betri zangu, naye aliye ndani akipiga fimbo chini na kuwasimulia wenzake anachokiona. Ilichukua asubuhi nzima na simu hazikuchajiwa. Hukumu ikawa: ua urudi ulipokuwa, na mpaka urudi, mtu yeyote asivae.

Mimi nikashindwa kuvumilia. "Wazee wangu, hii ni picha tu!"

Mkubwa wao akanigeukia bila hasira. "Na hati ya shamba ni nini, mwanangu? Si karatasi?"

Mwalimu alikuwa ameinamisha kichwa. Alisema ni haki. Tukaurudisha ua, kidole kwa kidole, na picha zikashuka hadi kama ishirini kwa sekunde, dunia ikaruka-ruka, na kila aliyevaa alitoka ameshika tumbo. Familia mbili zikapatana, zikatapika pamoja. Nikamwambia kuna ujanja ambao mafundi wote wanautumia: unabandika picha ya ua kwenye ubao bapa, kwa mbali hakuna atakayejua. Alinijibu kwamba mbuzi atajua.

Wiki ileile ikaja habari kwamba karakana moja mjini Mbarara inatafuta mtu. Ilikuwa imepewa kazi ya kutengeneza mafunzo ya VR kwa mafundi umeme, wajifunze kupanda nguzo na kushika nyaya bila kufa. Nafasi ilikuwa moja. Mwalimu akanyoa, akaazima koti la kwaya, akapiga rozari nzima ndani ya gari. Mimi nilikwenda kama mkono wake wa kubonyeza. Alinishika bega tulipofika mlangoni, akasema akikosa hii hatapata nyingine, umri wake hauna foleni ya pili. Ninayasikia maneno hayo mpaka leo.

Mkurugenzi alikuwa mama wa Kinyankole, mchangamfu, ametoka kula. Mwalimu akampima macho kabla hata ya salamu kwisha, naye akakubali akicheka. Kisha mama akaivaa kaske. Kilima kikaanza kurukaruka. Alishika meza, akashika ukuta, akanishika mimi, akaivua na kukaa sakafuni akiwa amebadilika rangi.

"Banange! Mzee, wewe unataka kuniua?"

"Tangawizi," Mwalimu akasema. "Msimpe maji. Naleta tangawizi." Akatoka mbio na koti la kwaya.

Nilibaki na yule mama na kompyuta. Ndani yake palikuwa na nakala yangu, ile isiyo na minyaa, niliyoihifadhi kimya baada ya hukumu. Hakuna aliyenituma. Nilijiambia namwokolea Mwalimu kazi yake, na labda kwa nukta moja nilikuwa nasema kweli. Nikamwomba mama ajaribu tena kidogo. Akavaa kwa woga, akatulia, akaanza kutembea. Akasikia kengele ya mbuzi akacheka. Akauliza ni nani aliyefanya iende laini hivi, nikasema mimi. Akauliza ni nani aliyebonyeza yote haya, nikasema mimi. Yote yalikuwa kweli, na nilijisikia mwizi.

Mwalimu aliporudi na tangawizi mkononi, mkurugenzi alikuwa ananiuliza naweza kuanza lini. Alisimama mlangoni akiangalia skrini. Aliona mara moja pengo lilipo.

"Amekata minyaa," alimwambia mkurugenzi. Kisha, akiifuta tangawizi kwa koti la kwaya: "Lakini inakwenda vizuri." Akamkabidhi ile tangawizi, akamwelekeza jinsi ya kuichemsha, akabeba kompyuta na kaske, akapanda gari la kurudi bila kunisubiri. Nilitaka kumkimbilia nikashindwa, kwa sababu bado sikuwa nimejibu swali la naanza lini.

Nilianza Jumatatu. Miaka mitatu ikapita. Nilijenga nguzo za umeme, nikajenga wodi ya kufundishia wakunga, nikapewa vijana watatu wa kuwasimamia, na baadaye mkurugenzi akaniachia hata kuajiri. Mwalimu sikumwona. Nikituma salamu zilirudi fupi: yupo, anapima. Kwenda mwenyewe niliogopa, na nilijiambia kwamba ni kazi nyingi.

Alikuja asubuhi moja bila kutangulizwa. Amevaa koti lake mwenyewe safari hii, ana bahasha. Nikamletea kiti, nikamwambia nichemshe chai. Akakataa.

"Sikuja kusalimia," alisema. "Nimekuja kuomba kazi."

Barua ilikuwa imeandikwa kwa Mheshimiwa Shefu wa Karakana, yaani mkuu, ambaye ni mimi. Padri alikuwa ametia sahihi. Nilianza kusema habari za siku ile, kwamba nimekosa, kwamba nimelala na jambo hilo miaka mitatu. Akanyanyua mkono wake unaotetemeka.

"Hapa mnaomba nini kwa mtu anayetafuta kazi?"

"Mwalimu..."

"Mnaomba nini?"

"Kitu kimoja," nikasema. "Kilichokwisha."

Akatoa flashi. Nilijua ni kilima, na nilijua kilima hakitakwisha mpaka Yesu arudi. Ningelazimika kumnyima kazi kwa mara ya pili. Nikavaa miwani.

Hakikuwa kilima. Nilikuwa nimesimama uani kwake Nakivale. Nyumba ya udongo, bati lenye mawe juu, kamba ya nguo na shati moja la bluu linalopepea, dumu la njano mlangoni. Kwa mbali ziwa. Kila kitu kilikwenda laini, hakuna kilichoruka. Miaka yote niliyomjua alikataa kujenga hata jiwe la Nakivale. Tukimwomba alisema mtu hachori picha ya kituo cha basi. Nikazunguka nyuma ya nyumba na nikakuta migomba mitatu, mmoja una mkungu.

"Hii migomba umeitunga?" niliuliza nikiwa ndani.

"Nimeipanda," sauti yake ikasema. "Hata mimi nilishangaa. Mrundi hapandi mgomba mahali anapopita."

Nikamuuliza nani alimbonyezea. Alisema hakuna, alijifunga kibao mkononi ili mkono utulie, na uwanja huo mdogo ulimchukua miaka miwili. Nikatafuta kosa, kwa sababu ndiyo kazi yangu. Nikafungua mlango, ukafunguka. Nikatazama chini ya kitanda. Nikatafuta kitu alichokusudia kukiongeza na hakikuwepo. Nilikuwa nalia ndani ya miwani, jambo ambalo halifai, linaharibu vioo.

Nikaivua, nikajifuta, nikajikaza.

"Jumatatu," nikasema. "Saa mbili asubuhi. Na sitaki uchelewe."

"Ndiyo, shefu," akasema Mwalimu. Akasimama, akavua koti akalitundika nyuma ya mlango, akakunja mikono ya shati. "Sasa mdogo kazini ni mimi. Chai mnapikia wapi?"